Mshono Mmoja Badala ya Mitatu

Vijana wangu, mwezi uliopita nilimsindikiza mjukuu wangu Feza kung'olewa gego la mwisho, na nikafanya jambo ambalo mstaafu hapaswi kulifanya: nilikohoa. Daktari, kijana mpole aliyesomea Kisangani, alikuwa amelitoa jino vizuri kabisa, bila haraka, mashine ikimwagia mfupa maji, taa ikiwaka kwa umeme wa jua. Kisha akashika sindano na uzi. Akapiga mshono wa kwanza, nikanyamaza. Akapiga wa pili, nikatazama dirishani. Alipojiandaa kupiga wa tatu nikakohoa, na kikohozi changu kilikuwa na maneno ndani yake.

"Mama, iko shida?" akauliza bila kugeuka.

"Hapana, Dokta. Vumbi tu."

"Humu hamuna vumbi."

"Basi ni uzee."

Akaiweka sindano chini, akanitazama. "Mama alitumika wapi?"

"Humu humu, katika chumba hiki. Lile dirisha ndilo lilikuwa taa yetu."

Wa tatu hakuupiga. Badala yake alinialika nije kuzungumza nanyi mnaojifunza kazi hii, nami nikazungumza mpaka wale wanaorudi ng'ambo ya mto, Alunguli, wakaanza kutazama saa zao kwa sababu ya mitumbwi. Mkaniomba niandike yaliyobaki. Haya sasa, someni, na mkiona nimejisifu mahali, jueni kwamba aliyeweza kunikanusha amekwisha kufa.

Tuanze na jino lenyewe. Kwa Kifaransa wanaliita jino la hekima. Nimeyatazama mengi, hekima sijaiona. Linachelewa kuota, likifika linakuta nafasi imekwisha, basi linajilaza ndani ya taya na kumsukuma jirani. Kulitoa ni lazima upasue ufizi, uondoe mfupa kidogo, ulikate, ulinyanyue, uoshe tundu, urudishe ufizi mahali pake. Jino likitoka, mgonjwa anashukuru na ninyi mnafurahi. Lakini kidonda ni mbeya. Kila ulichokifanya humo ndani, kitakwenda kukisema nje, shavuni, mbele ya watu wote, kuanzia siku ya pili.

Aliyenifundisha hayo ni Papa Tshibangu. Alikuwa mtu wa Kasai. Baba yake alikuja hapa Kindu na kazi ya reli, yeye akafundishwa meno na mmisionari mmoja mkali. Alikuwa mrefu, mwembamba, aliyejipigia pasi koti lake jeupe mwenyewe kwa makaa, kwa sababu hakumwamini mtu na kola yake. Alinawa mikono mpaka viwikoni hata kama alikwenda tu kufungua dirisha. Sikumwona akicheka katika miaka saba ya kwanza. Mwaka wa nane aliteleza kwenye ngazi ya hospitali, nikacheka mimi, akanipeleka kuchemsha vyombo wiki nzima.

Mimi nilikuwa muuguzi wa kawaida, Zaina, binti wa Kasuku, niliyepelekwa kwenye chumba cha meno kwa sababu kwenye wodi kubwa walisema nina mdomo mrefu. Walidhani nikikaa mahali ambapo wagonjwa hawawezi kujibu, nitatulia.

Kosa langu la kwanza lilinuka. Vita ilikuwa imekwisha kukata umeme, na mashine yetu ya kisasa ilikuwa imegeuka kuwa kabati la kutundikia koti. Papa Tshibangu akatoa ghalani mashine ya zamani ya mmisionari wake, ile ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Mimi nilikanyaga, na kwa mkono mmoja nilishika bomba la sindano na kunyunyiza maji pale chuma kilipogusa mfupa. Mgonjwa alikuwa Papa Ilunga, dereva wa treni aliyekuwa hana treni. Nikaanza kukanyaga. Mashine ikashika mwendo, ikaimba vizuri, nami nikaifurahia sauti yake na kuongeza mguu. Maji nikayasahau.

"Zaina," Papa Tshibangu akasema taratibu, "unachoma muntu."

Ndipo nami nikaisikia harufu. Mfupa ni kitu hai, wanangu. Ukiukereza bila maji unaungua, na mfupa ulioungua haukubali kufunikwa na nyama mpya. Siku ya tano tundu la Papa Ilunga lilikuwa la kijivu, linatoa harufu, na uchungu ulimpanda mpaka sikioni. Papa Tshibangu hakunigombeza. Aliniamuru niende kwa Papa Ilunga kila asubuhi, kule Mikelenge, nikaoshe kidonda nilichokipika. Kila asubuhi mgonjwa alipouona mwavuli wangu alimwita mkewe kwa sauti: "Mama, toka uone, mupishi amefika." Majirani wote wakalijua jina hilo. Nilikwenda mpaka kipande cha mfupa uliokufa, kidogo kama punje ya mpunga, kilipojitoa chenyewe na nyama ikaanza kujaa. Tangu siku hiyo sijawahi kusahau maji. Hata nikikata kitunguu napenda bakuli liwe karibu.

Jambo la pili alilonifundisha nililipenda zaidi. Mimi nikiona jino limekwama nilitaka kuongeza tundu, kuondoa mfupa huku na huku mpaka lipite. Alinishika mkono.

"Kama kitanda hakipiti mulangoni, unabomoa ukuta?"

"Hapana, Papa."

"Unafanya nini?"

"Nafungua kitanda."

"Basi fungua kitanda."

Yaani likate jino, si mfupa. Ligawanye vipande viwili, vitatu, ukitoe kila kimoja kwa njia yake. Mfupa uliouacha ndio utakaomponya mgonjwa, na uliouondoa utalipwa kwa uvimbe. Siku hizi wanatuletea vijana kutoka machimbo ya Kama na Kalima, walioshikwa kwanza na fundi mwenye koleo la baiskeli, na sehemu kubwa ya kazi si jino tena, ni ukuta uliobomolewa. Mkiwapokea, msiwacheke mbele yao. Ngojeni watoke.

Basi mnaona mwalimu wangu alikuwa mtu wa kweli. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: kushona. Kwa kila gego la mwisho la chini alipiga mishono mitatu, akaikaza mpaka ufizi ukawa mweupe. "Kidonda ni nyumba," alisema. "Ukitoka unafunga mulango." Mmisionari alimfundisha hivyo. Siku ya tatu mgonjwa alirudi shavu limejaa kama andazi, jicho la upande ule limebaki mstari. Mjini watu walitambua haraka nani ametoka kwetu. Papa Tshibangu aliwatazama na kusema uvimbe ni kawaida ya jino lile, nasi wote tuliamini, kwa maana hatukuwa tumeona mwingine.

Sasa vita. Sitawasimulia vita, wazazi wenu wanayo ya kwao. Nitasema tu kwamba treni ilikoma, meli hazikupanda mto, na kila kitu kilichoingia Kindu kiliingia kwa ndege chache au juu ya baiskeli iliyosukumwa siku nyingi msituni. Uzi wa kushonea watu ukawa adimu. Sisi kwenye meno tulikuwa na akiba, kwa sababu Papa Tshibangu alikuwa mtu wa kuweka, na akiba hiyo ilifungiwa kabatini kwa ufunguo uliolala mfukoni mwake. Kila asubuhi alinikatia kipande kwa kila mgonjwa, urefu ule ule, wa mishono mitatu.

Siku moja Sifa alinivuta pembeni ya kisima. Alikuwa mkunga, rafiki yangu tangu shule, mtu asiyejua kuomba. Siku hiyo aliomba.

"Zaina, ninyi muko na uzi."

"Papa njo iko nao."

"Leo asubui nimemupokelea mama wa mimba ya kwanza, mutoto mukubwa, amepasuka vibaya. Nimemushona na uzi wa nguo. Nimeuchemusha, nimeomba Mungu, nimemushona. Unanisikia? Uzi wa nguo."

Nikamwambia amwombe Papa Tshibangu. Alikwisha kumwomba. Papa alimjibu kwamba kila idara ina haki zake, na mtu wa meno naye ni mtu. Hakuwa mbaya. Aliamini kabisa kwamba akipunguza mshono mmoja mgonjwa wake ataharibika.

Na mimi niliamini hivyo hivyo. Hapo ndipo penye aibu yangu, msiparuke. Sikufanya nililofanya kwa sababu nilijua. Nilifanya kwa sababu niliona ni lazima nichague nani avimbe: mwenye jino au mwenye mtoto.

Nafasi ilikuwepo kila siku saa sita kamili. Papa Tshibangu alikuwa na redio ndogo, na habari za saa sita hakuzikosa hata kama ametia mtu kisu. Alikata, akakereza, akatoa jino, akaosha, saa ikifika alinipa sindano na kusema, "Funga tatu. Kaza," kisha akatoka kukaa ukumbini na redio sikioni. Basi mgonjwa wa kwanza wa saa sita, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, nilikata uzi wake kabla haujagusa kinywa, sehemu kubwa nikaitumbukiza katika chupa yangu ya alkoholi, na kwa ile iliyobaki nikampiga mshono mmoja tu, nyuma ya jino la jirani, bila kuukaza. Mbele yake ufizi ukabaki na upenyo. Chupa nikaificha chini ya vitambaa. Alasiri Sifa alipita, akachukua, hakusema aksanti, alinibana mkono tu.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu yule na visingizio vitatu tayari. Nikamkuta barazani anakula wali na sombe ya majani ya muhogo. Damu kidogo ilikuwa imemchafulia mto, basi. Shavu lilikuwa limejaa kiasi cha mtu anayetafuna muwa. Nikasema moyoni, huyu ana bahati. Nikamwibia wa pili, naye akawa na bahati. Wa tatu pia. Nikaanza kuweka nukta ndogo ya penseli katika daftari la wagonjwa, karibu na jina la kila niliyemwibia, ili kama atakufa nijue ni yupi.

Aliyelifahamu jambo kabla yangu ni Mama Kavira. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, chumvi, sabuni, betri na vipuri vya baiskeli, mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa nusu ya duka lake. Alikuwa na magego yote mawili ya chini yamelala. La kuume alitolewa siku ambayo betri za redio zilikuwa zimekufa, kwa hiyo Papa Tshibangu alimshona mwenyewe, mitatu. Mama Kavira alivimba siku nane. Wasukuma baiskeli wake walimfanyia watakavyo, maana hakuweza kupiga kelele. Miezi miwili baadaye alikuja kwa la kushoto, saa sita, betri nzima. Nikamshona mimi.

Siku ya nne alirudi, akafunga mlango nyuma yake na kuniita pembeni.

"Weye mutoto wa Kasuku. Kinywa moja, damu moja, muganga moja. Ya kuume nililala kama maiti. Ya kushoto, juzi tu nilitukana watu watatu. Mulinifanyia nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Mi ni mufanyabiashara. Niliweka mukono ndani na kioo. Kule nilikuwa na mishono tatu, huku iko moja."

Nikamweleza. Mbele ya mtu kama yule ilikuwa rahisi kueleza kuliko kudanganya. Alinisikiliza, akauliza uzi unakwenda wapi, nikamwambia kwa wamama wanaojifungua. Akatikisa kichwa, akafikiri kama anayepanga bei. Kesho yake alimletea Papa Tshibangu zawadi: betri mpya nne, zimefungwa katika kitambaa.

"Papa, juu ya kazi nzuri uliyonifanyia. Usikose habari hata siku moja."

Papa Tshibangu aliguswa sana. Alituambia kwamba wagonjwa wenye shukrani bado wapo duniani. Na Mama Kavira alitoka pale kwenda sokoni na kumwambia kila mwenye shavu la kuuma kwamba asikubali kupangwa asubuhi wala alasiri, aseme saa sita. Ndani ya mwezi mmoja watu wote wa Kindu walitaka saa sita. Walikuja na sababu: asubuhi nalima, alasiri nina kwaya. Papa Tshibangu aliona ajabu, mwishoni akaamua kwamba ni joto. Adhuhuri damu inatembea vizuri zaidi. Alitaka hata kuliandika.

Nilikuwa nacheka peke yangu ghalani, nikajiziba mdomo kwa taulo. Lakini usiku wa kicheko una asubuhi yake. Nilikuwa sasa najua, na kujua ni jambo tofauti na kuiba. Wale wa asubuhi na alasiri waliendelea kufungwa mitatu, wakaendelea kuvimba, nami niliwashikia taya bila kusema neno. Nilimwogopa Papa Tshibangu. Naandika hili waziwazi kwa sababu mmoja wenu leo anamwogopa mkubwa wake, na wagonjwa wanavimba.

Kisha jino likamjia yeye.

Alilificha. Nilianza kumwona akichovya mkate katika chai mpaka uvunjike, akitafuna upande mmoja. Siku moja alinipa amri kwa ishara. Siku iliyofuata kinywa chake kilifunguka upana wa kidole kimoja tu, chini ya taya pamekuwa pagumu, ana homa. Mnajua hatari yake: usaha ukishuka shingoni unaziba pumzi. Wa kumsaidia hakuwepo. Njia ya Lubutu ilikuwa haipitiki, ndege ilikuwa haijaja siku nyingi. Tukampa dawa ya sindano iliyobaki hospitalini, nikapasua kidogo usaha utoke, na baada ya siku tano homa ikashuka, kinywa kikafunguka. Jino likabaki mle, linangoja kurudia.

"Utalitoa weye," akaniambia.

"Papa, mi sijatoa la kulala peke yangu."

"Umeona nikiyatoa miaka kumi na moja. Kama hujajifunza, ni afazali nijue leo."

Akakalia kiti chake mwenyewe karibu na dirisha, koti limepigwa pasi, kioo cha mkono kimeshikwa ili anisahihishe. Sifa aliombwa kuja kukanyaga mashine na kunyunyiza maji. Nikampiga ganzi, nikangoja mpaka mdomo na nusu ya ulimi vikalala, nikaweka kipande cha mpira katikati ya meno kinywa kisifunge. Sasa hakuweza kusema. Alikuwa na vidole tu.

Nikapasua ufizi. Kidole: fupi zaidi. Nikafupisha. Nikaondoa mfupa, Sifa akamwaga maji mengi mpaka kola ikalowa, na Papa akafumba macho kwa uchungu wa kola. Jino lilikuwa limelala kabisa. Mkono wangu ulitaka kuongeza tundu. Nikakumbuka kitanda, nikalikata vipande viwili. Cha kwanza kikatoka. Mzizi wa pili ulikataa, jasho likanitiririka machoni, nikaacha, nikapumua, nikaingia tena kwa upole kutoka upande mwingine. Ukasogea, ukatoka mzima. Papa Tshibangu akautazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Nilijua kwamba hiyo ndiyo sifa yote nitakayoipata.

Nikaosha tundu. Nikatia uzi kwenye sindano. Akanyoosha vidole vitatu.

Nikaiweka sindano kwenye sinia.

"Papa, iko neno moja. Nimelingoja mpaka huwezi kunijibu, unisamehe."

Nikamwambia yote. Uzi, chupa chini ya vitambaa, wamama, mwalimu wa wali na sombe, kinywa cha Mama Kavira kuume na kushoto, watu wote wa saa sita. Hata betri nikamwambia. Nilipofika kwenye betri alitoa sauti kooni, lakini mpira ulikuwepo. Nilimaliza. Akanyoosha tena vidole vitatu.

"Papa," Sifa akasema, mguu bado juu ya mashine, "ule uzi ulishona wamama wenye wako wazima leo. Mi njo nilimuomba."

Vidole havikushuka.

"Kinywa ni chako," nikasema. "Ukitaka tatu nitafunga tatu, na nitakaza kama ulivyonifundisha. Lakini sitaki nikufiche."

Alitazama dari. Sijui alimwona nani huko juu, labda mmisionari wake. Kisha kidole kimoja kikakunjika, polepole. Tukangoja. Kikakunjika cha pili. Kilichobaki kilikuwa kidole cha shahada, na alikuwa amekielekeza usoni kwangu.

Nikampiga mshono mmoja.

Siku ya tatu alirudi kazini na shavu lililojaa kidogo upande, kama mtu mwenye tende mdomoni. Hakuamkia. Aliomba daftari la wagonjwa, akakaa nalo na miwani mpaka alasiri, kidole kikishuka nukta kwa nukta, kisha kikarudi kwa wale wasio na nukta, na maelezo yao ya uvimbe. Mwishowe alilifunga.

"Umenidanganya muda murefu."

"Ndiyo, Papa."

"Uliogopa nini?"

"Nilikuogopa weye."

Akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mi nilimuogopa mwalimu wangu," akasema. "Amekufa, na nilikuwa ningali namuogopa."

Adhabu nilipata. Mwezi mzima alininyima sindano, nikasimama pale kumwangalia akipiga mshono mmoja, ili nione kwamba hata huo mmoja anaupiga vizuri kuliko mimi. Na ni kweli. Nusu ya uzi aliipeleka mwenyewe kwa Sifa, akadai sahihi.

Sasa msitoke hapa mkidhani mshono mmoja ni hirizi. Upenyo unaouacha ndio mlango wa damu na maji mabaya. Vikipata kutoka, havijazi shavu, na wiki ya kwanza mgonjwa anapumzika. Lakini upenyo huo huo unaingiza wali, na tundu linachelewa kuziba. Mwambieni mgonjwa siku ya kwanza asisukutue kabisa, asiteme kwa nguvu, asivute sigara wala asinywe pombe kali ya lutuku, kwa maana donge la damu ndilo dawa yake na likitoka mfupa unabaki uchi. Kuanzia siku ya pili, maji ya uvuguvugu na chumvi, kila baada ya kula. Anayetoka damu nyingi mpigeni mishono inayotosha, msimwache avuje kwa sababu bibi mmoja aliwaandikia. Na Dokta wenu anasema hata wanaosoma vitabu vikubwa bado wanabishana juu ya mishono. Wabishane. Ninyi tazameni shavu siku ya tatu, na muandike mlichokiona, si mlichofundishwa kukiona.

Limebaki moja, na sikulisema ile Jumamosi nilipozungumza nanyi kwa sababu mitumbwi ilikuwa inangoja. Wiki ile ile ya daftari, mke wa Papa Tshibangu alinijia nyumbani. Aliitwa Mama Ntumba, mwanamke mtulivu, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga uani kwangu. Alinikuta napepeta mchele. Akakataa kiti.

"Zaina, umemufanyia nini bwana yangu?"

Ungo ulinitoka mikononi. "Kidonda kinavuja, Mama?"

"Kidonda iko muzuri. Jana ameingia jikoni, penye haingiakaka, ameketi chini kwa kibao, ameniomba musamaha."

Ndipo akanieleza. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao bwana alimtoa gego la mwisho. Kwa kuwa alikuwa mke wake na alitaka afanye vizuri kabisa, alimpiga mishono minne. Mama Ntumba alivimba wiki mbili. Arusi ya mdogo wake ilipita akiwa amelala, uso umefunikwa kwa kitambaa, anasikia ngoma kwa mbali. Na bwana alipotoka arusini alimwambia kwamba wanawake wengine wanavumilia, yeye ni mlegevu.

"Jana amesema, 'Haikuwa weye. Ilikuwa mukono wangu.'"

"Na weye ulimujibu nini, Mama?"

Sasa akaketi. Alivuta kiti nilichompa, akakaa juu yake vizuri, akakunja kitenge chake magotini.

"Nikamuambia aksanti. Tangu tuoane hiyo njo musamaha ya kwanza. Nikamwaga maji motoni, nikasogeza kibao yangu karibu na yake, nikamuambia: endelea, niko na wakati."